Nani Kamshika Nani

Umeme ulikatika saa nane usiku.
Jenereta inakohoa nyuma ya jengo,
majokofu yananguruma kwa zamu,
Kisumu imelala, nami chini ya taa moja
nahesabu madoa ya hamira kwenye sahani.

Hamira, naam. Ukoo mmoja na ile ya pakiti
Mama anayoikoroga kwa maji vuguvugu kule Chavakali
alfajiri, kabla ya mandazi.
Nilimweleza hivi: kila chembe naipa protini mbili za binadamu,
moja chambo, moja windo,
kisha naishindisha njaa.
Zile mbili zikishikana, mlango wa ghala hufunguka,
hamira inakula, inazaana, doa linachomoza.
Zisiposhikana, sahani inabaki wazi
kama uwanja wa shule mwezi wa Agosti.
Mama akasonya. "Na kwa hilo wanakulipa?"
Wananilipa. Wanachelewa tu.

Protini elfu ishirini na ushei tunazo mwilini:
za ini, za mboni, za kucha,
nyingine zina nambari tu,
hazijapewa hata jina la kuitiwa chai.
Swali langu ni moja, nalirudia mpaka ulimi unakauka:
nani kamshika nani, kwa muda gani, na mbele ya nani?

Nyanya Kavosa hakwenda shule, lakini alisoma matanga.
Aliegemea ukuta wa jiko, kalipa jeneza kisogo,
macho kwenye mikono ya watu.
"Tazama, Kisia kampa Lugonzo mkono: shamba limeshauzwa.
Yule kampita nduguye kama mti: bado kesi ya ng'ombe."
Na mkwe je? Mkwe humpisha mavyaa njia,
huchepuka hata kwenye miiba,
kwa maana kuna miili ambayo heshima yake
ni kutogusana.

Ambani, mdogo wangu, alizaliwa na kosa la kiti kimoja.
Kiti cha sita katika mnyororo wa himoglobini:
asidi moja imekaa mahali pa nyingine.
Basi. Hakuna jingine.
Protini iliyopaswa kumpisha mwenzake
ikamkumbatia, huyo akamkumbatia wa tatu,
mkwe juu ya mavyaa, njia nzima,
mpaka ikawa kamba, ikawa mundu,
na damu ikakwama magotini kila baridi ya Juni.
Alinitania: "Dada, damu yangu ina upendo kupita kiasi."
Miaka kumi na minne. Hospitali tunayoiita Rasha,
mvua ya mawe juu ya bati.
Sikusikia alilosema mwisho.

Daktari Obura ametuonya: doa si ndoa.
Umezifungia mbili chumba kimoja, zingefanyaje?
Huenda ndani ya mtu moja huishi kiinini
na nyingine ukutani mwa seli,
hazijawahi kuonana, hazitaonana.
Geuza chambo kiwe windo. Rudia. Rudia tena.

Nimerudia. Safu A, tupu. Safu B, tupu.
C imeingia ukungu, naitupa.
Halafu D, nafasi ya saba:
doa dogo, punje ya wimbi iliyodondoka kitambaani.
Chambo ni himoglobini ya mundu, ile ile ya Ambani.
Windo ni mojawapo ya zile zisizo na jina.

Moyo unaanza mbio, naukaripia.
Hii si dawa. Hii ni salamu
niliyoiona kwa mbali, gizani,
na pengine aliyesalimiwa alifananishwa tu.

Nachukua kalamu, naiweka chini.
Naandika kwa penseli:
D7. Ndiyo?
Rudia.